Kufunga tabo kwenye gari la kutembelea kila siku: inalipa au inakula hela?

Altezza lenye bomba kubwa la moshi likipita Nyakato au barabara ya Uwanja wa Ndege, watu hugeuka. Ule mlio wa "psii" unaotoka dereva akiachia mafuta umewafanya vijana wengi, kuanzia Mwanza mjini hadi Magu, Sengerema na Geita, waulize swali lilelile: gari langu halikuja na tabo, je, naweza kufungiwa? Na nikifungiwa, litanifaa kwenda nalo kazini kila siku?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, na kwa wengi hailipi. Ili uone kwa nini, inabidi kwanza ujue tabo inafanya kazi gani, kwa nini kuifunga huku kanda ya ziwa ni tofauti kidogo na kuifunga Dar es Salaam, na hela inaishia wapi. Tutazungumzia zaidi Toyota Altezza na Mark II, kwa sababu ndiyo magari ya spoti ambayo kijana wa kawaida anaweza kuyafikia. Baadaye tutagusa hardtop za dizeli, maana ukitoka mjini swali hili linawahusu zaidi wenye Land Cruiser.

Injini inakula hewa kuliko petroli

Kilo 1 ya petroli inahitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue vizuri. Ukipima kwa lita inashangaza zaidi: lita 1 ya petroli, hapa Mwanza, inaungua na zaidi ya lita 10,000 za hewa. Kwa hiyo huwezi kuongeza nguvu ya injini kwa kumwaga petroli peke yake. Petroli ikikosa hewa hutoka nje ikiwa moshi mweusi, nayo umeilipia. Cha kuongeza kwanza ni hewa.

Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe pistoni inaposhuka, kama bomba la sindano linavyovuta dawa. Tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Feni ya kwanza imekaa kwenye njia ya moshi na inazungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye silinda. Ya pili inavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini kwa nguvu. Zikishika kasi, feni hizo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huku upande wa moshi ukiwa na joto la nyuzi mia kadhaa. Kinachoilinda shafti isisagike ni utando mwembamba sana wa oili. Ukumbuke huo utando, tutaurudia.

Supachaja hufanya kazi hiyohiyo ila inazungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Faida yake ni kwamba inasukuma tangu mwendo wa chini, hasara yake ni kwamba inakula sehemu ya nguvu za injini yenyewe. Toyota iliwahi kutoa Crown na Mark II zenye supachaja kiwandani miaka ya 1980. Kwa mafundi wetu, hata hivyo, kinachozungumzwa karibu siku zote ni tabo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, alipandisha injini ya ndege hadi kwenye kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Bila tabo injini ile ilipoteza nguvu nyingi huko juu kwa sababu hewa ni nyepesi. Ilipofungwa tabo, ikazirudisha. Yaani kazi mojawapo ya kwanza kabisa ya tabo ilikuwa kuisaidia injini iliyo mahali pa juu. Na hapo ndipo habari hii inapotuhusu sisi.

Mwanza tuko juu kuliko tunavyodhani

Kwa kuwa tunakaa kando ya maji, wengi wetu tunajiona tuko bondeni. Lakini uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji unapanda kutoka hapo. Dar es Salaam, hewa inagandamiza kwa karibu psi 14.7. Hapa kwetu ni karibu psi 12.8. Psi ni kipimo kilekile anachotumia fundi wa pancha akikujazia tairi. Kwa kifupi, kila injini isiyo na tabo ikifika Mwanza inapata hewa pungufu kwa kama sehemu moja ya nane.

Chukua Altezza AS200, lile lenye injini ya silinda sita ya 1G-FE, cc 2,000. Toyota walilipa nguvu za farasi 160, na hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Ukikata sehemu moja ya nane unabaki na farasi 140 hivi. Mwenye gari aliyelitoa Dar, akafika nalo hapa na kuhisi limechoka kupanda mlima wa Bugando, hajadanganywa na mtu wala gari lake halijarogwa. Hewa ndiyo imepungua.

Ili kurudisha tulichopoteza kwa sababu ya mwinuko inatosha tabo inayosukuma psi 2 tu. Lakini hakuna anayekwenda gereji kuomba psi 2. Watu wanataka 6, 8, hata 10.

Psi 6 inakupa nini?

Tufanye hesabu. Hewa ya Mwanza ni psi 12.8. Ongeza 6, unapata 18.8. Hiyo ni karibu mara moja na nusu ya hewa ya mwanzo, na mwenye kuuza tabo atakwambia nguvu nazo zitaongezeka kwa nusu. Haziongezeki hivyo. Hewa ikibanwa inapata joto. Ukitaka kuamini, shika chini ya pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Hewa iliyoingia kwenye tabo ikiwa na nyuzi 28 inaweza kutoka ikiwa na nyuzi 80 hivi, na hewa ya moto ni nyepesi. Ndiyo maana magari mengi yenye tabo yana intakula, ile rejeta ndogo ya mbele inayopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Pamoja na intakula nzuri, na baada ya kutoa nguvu zinazopotea kwenye kusukuma moshi, tarajia ongezeko la kama theluthi moja. Altezza letu la farasi 140 linafika 185 hivi.

Hilo si jambo dogo. Lakini angalia pia kwamba zile 20 za mwanzo zimekurudisha pale Toyota walipokuandikia. Faida halisi juu ya gari lile lile likiwa Dar ni farasi 25.

Mfano wa kweli upo Ulaya, ambako Altezza liliuzwa kwa jina la Lexus IS200. Toyota Team Europe, timu iliyokuwa ikiendesha magari ya mashindano ya Toyota, iliwahi kuuza supachaja maalumu kwa gari hilo na kulitoa kwenye farasi 155 hadi takriban 200. Hao walikuwa na wahandisi na maabara, na bado hawakwenda mbali zaidi ya hapo kwa gari la kutumia kila siku. Fundi akikuahidi farasi 300 kwenye injini hiyohiyo, bila kugusa kitu ndani, muulize anajua nini ambacho wao hawakukijua.

Timu hiyo ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya Kenya kwa Celica yenye tabo miaka ya 1984, 1985 na 1986, na Mkenya Ian Duncan alishinda mwaka 1994 kwa Celica Turbo 4WD. Kwa hiyo tabo kwenye vumbi na miinuko ya Afrika Mashariki inawezekana kabisa. Tofauti ni kwamba magari yale yalikuwa na mafundi wakiyasubiri njiani na vipuri vyao. Wewe ukiharibikiwa kati ya Misungwi na Shinyanga saa tatu usiku, unamsubiri nani?

Tatizo lilipo: injini haikuzaliwa na tabo

Injini ya petroli hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya plagi kuwasha. Kipimo cha kubana huko mafundi hukiita kompresheni. Altezza AS200 lina kompresheni ya 10 kwa 1. Altezza RS200 la gia za mkono, lenye injini ya 3S-GE ya silinda nne na farasi 210, lina 11.5 kwa 1. Hizo ni namba kubwa, na zimewekwa hivyo makusudi ili injini isiyo na tabo itoe nguvu nyingi.

Sasa linganisha na injini ambazo Toyota wenyewe walizifunga tabo. 1JZ-GTE, ile ya Mark II Tourer V, ina kompresheni ya 8.5 kwa 1 katika matoleo ya kwanza na 9 kwa 1 katika yale ya VVT-i kuanzia mwaka 1996. Ndugu yake asiye na tabo, 1JZ-GE, anaanzia 10. Toyota hawakuchukua injini ya kawaida wakaibandika tabo. Walishusha kompresheni, wakaweka pistoni nyingine na nozeli kubwa zaidi, na kontroli boksi inayojua kwamba tabo ipo.

Ukisukuma hewa ya ziada kwenye injini ambayo tayari inabana sana, joto ndani ya silinda linapanda hadi petroli inajilipukia yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Unasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo. Huko ndiko kugonga kwenyewe. Kila mgongo ni nyundo juu ya pistoni. Ukiendelea, ringi zinavunjika, pistoni inatoboka, gasketi ya silinda hedi inaungua, au konrodi inapinda. Ndipo unasikia mtaani kwamba gari la fulani "limenoki".

Petroli nayo ina nafasi yake. Petroli yenye okteni kubwa huvumilia joto zaidi kabla ya kujilipukia. RS200 lilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani hata bila tabo. Huku kwetu unajaza ile iliyopo kituoni, na ukiwa safarini vijijini wakati mwingine unajaza ya kwenye dumu. Hakuna fundi anayeweza kurekebisha gari leo kwa petroli ambayo hajui itakuwaje kesho. Kwa sababu hiyo, kwa maoni yetu RS200 ni gari la mwisho kabisa la kufungwa tabo huku kanda ya ziwa, ingawa ndilo linalotamaniwa zaidi. Lifurahie kama lilivyo.

Tabo haiji peke yake

Mtu anayeanza huuliza bei ya tabo. Tabo yenyewe, hasa ikiwa imetumika, ni sehemu ndogo ya gharama. Inahitaji menifodi ya moshi ya kuishikilia, na ile ya kuchomelea ovyo hupasuka kwa joto. Inahitaji bomba la oili la kuingia na jingine la kutoka, na mara nyingi maji ya kuipoza. Mabomba ya hewa na intakula. Nozeli kubwa na pampu ya petroli yenye nguvu, kwa sababu hewa ikiongezeka bila petroli kuongezeka ndiyo injini inakufa haraka zaidi. Plagi za baridi zaidi. Klachi ngumu, kwa kuwa ya kawaida itaanza kuteleza. Halafu rejeta, halafu breki, maana gari linalokwenda kasi lazima lisimame.

Kisha kuna kontroli boksi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kontroli boksi ya Altezza haijui kwamba kuna tabo. Inabidi ibadilishwe au iongezewe nyingine, halafu mtu mwenye ujuzi akae na kompyuta akirekebisha petroli na muda wa plagi kuwaka, huku akisoma geji inayoonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli. Kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Fundi mzuri wa injini si lazima awe mzuri wa hili. Ni ujuzi mwingine kabisa, kama daktari wa meno na wa macho.

Ukipewa bei ambayo haina kontroli boksi na marekebisho ndani yake, hujapewa bei ya kufunga tabo. Umepewa bei ya kuua injini.

Sisi tungependekeza kipimo kimoja rahisi kabla hujatoa hata senti: ulizia bei ya injini kamili ya gari lako iliyotumika kutoka Japani, pamoja na kuifunga. Kama huna uwezo wa kuinunua mwezi huohuo injini ya sasa ikifa, usifunge tabo. Watu wameuza ng'ombe na kutoa hela ya msimu wa pamba au mpunga kwa ajili ya magari. Gari likilala gereji miezi mitano, ng'ombe hawarudi.

Barabara za kila siku

Tuseme kila kitu kimefungwa vizuri. Utaitumia wapi?

Tabo huamka injini ikizunguka haraka na moshi ukiwa mwingi. Kwenye foleni ya Mabatini, nyuma ya daladala linaloshusha abiria kila baada ya mita mia, tabo imelala na haikusaidii kitu. Inachofanya ni kupasha joto boneti. Mipira, waya na plastiki zilizo karibu nayo zinakauka na kukatika mapema.

Ukitoka nje ya mji, barabara ya Musoma inapita Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda, na kila makazi yana matuta, kibao cha 50 na mara nyingi trafiki mwenye tochi. Ukielekea Geita kupitia daraja la Kigongo–Busisi, lile la takriban kilomita 3 lililofunguliwa mwaka 2025, unavuka kwa dakika chache ambapo zamani ulisubiri kivuko. Umeshaokoa muda ambao tabo yoyote isingekuokolea.

Kuna sehemu moja ambapo tabo inasaidia kweli, na si haki kuificha: kuovateki. Unapokuwa nyuma ya lori la pamba linalopanda kilima, sekunde mbili au tatu pungufu kwenye upande usio wako ni usalama. Mwenye gari dogo lililochoka analijua hilo. Lakini kabla ya kwenda kwenye tabo, hakikisha gari lako lina nguvu zake za asili. Magari mengi ya umri wa Altezza, lililoanza kutoka mwaka 1998, yana nozeli chafu, koili zilizochoka, sensa ya hewa yenye vumbi na kompresheni iliyoshuka kwenye silinda moja au mbili. Kulirudisha gari kwenye hali yake kwa plagi, koili, kusafisha nozeli, kisafisha hewa kipya, shokapu na tairi nzuri kunagharimu kidogo ukilinganisha, na wengi hushangaa jinsi linavyobadilika.

Vumbi lina habari yake. Vijana wakifunga tabo hupenda kuondoa boksi la kisafisha hewa na kuweka kile cha wazi, kwa sababu mlio unasikika vizuri. Kwenye lami ya mjini haina shida kubwa. Kwenye barabara ya vumbi ya Sengerema ndani au Ukerewe, feni inayozunguka mara 100,000 kwa dakika inapiga kila chembe ya mchanga inayopenya. Makali ya feni yanalika kama jembe, na mchanga unaopita unamaliza ringi. Boksi la kiwandani, lililofungwa vizuri, ndilo rafiki yako.

Na ule utando wa oili tuliosema: gari lenye tabo halisamehi oili mbaya. Badilisha kila kilomita 5,000 au mapema, nunua kwa muuzaji unayemjua, na usinunue kopo ambalo kizibo chake kimeshafunguliwa. Ukitoka kwenye mwendo mkali, acha injini izunguke polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Ukizima ghafla, oili iliyobaki ndani ya tabo ya moto inaungua na kuwa kama masizi, na masizi hayo yanaziba njia ya oili.

Kama unataka tabo, nunua iliyozaliwa nayo

Kwa mtu ambaye kweli anapenda mwendo, njia yenye akili zaidi ni kuuza alilonalo na kununua gari lililotoka kiwandani na tabo. Mark II Tourer V na Grande iR-V zina 1JZ-GTE ya farasi 280 kwa namba za kiwandani. Subaru Impreza WRX na Forester zenye tabo zipo nyingi Afrika Mashariki, na mafundi wake wapo, ingawa Subaru lililokosewa oili linakuwa mzigo. Jambo zuri hapo ni kwamba pistoni, kontroli boksi, rejeta na breki vyote vilichaguliwa pamoja na watu waliokuwa wakijua wanachofanya, na kipuri kikiharibika kina namba yake.

Wengine huhamisha 1JZ-GTE nzima na kuiweka kwenye Mark II ya kawaida. Kwa kuwa injini hizo ni za ukoo mmoja, inakaa vizuri kuliko kubandika tabo, mradi upate na waya zake zote na kontroli boksi yake. Waya zilizokatwa na kuungwa kwa selotepu ni chanzo cha matatizo yasiyoisha.

Ukibadilisha injini, kumbuka kwamba kadi ya gari ina namba ya injini. Taarifa hizo hurekebishwa TRA, na usipofanya hivyo utapata usumbufu siku ya kuuza au siku ya kukaguliwa. Kampuni ya bima nayo iambie kuhusu tabo au injini mpya kwa maandishi. Bima husimama juu ya taarifa ulizotoa, na gari lililofanyiwa mabadiliko bila kutajwa linampa mwenye bima sababu ya kubishana nawe wakati ambao huna nguvu ya kubishana.

Hardtop na dizeli: hapa mambo ni tofauti

Land Cruiser hardtop nyingi tunazoziona zikibeba wagonjwa, mizigo ya mnada na watumishi vijijini zina injini ya 1HZ, dizeli ya cc 4,164 isiyo na tabo, iliyoanza mwaka 1990. Swali la tabo kwenye gari hili lina jibu zuri zaidi, kwa sababu mbili.

Kwanza, dizeli haina plagi wala petroli ya kujilipukia, kwa hiyo hatari ile ya kugonga haipo kwa namna ileile. Pili, pampu ya dizeli ya kizamani humwaga kiasi kilekile cha mafuta hata hewa ikipungua. Ndiyo maana hardtop ikipanda mlima huku juu hutoa moshi mweusi: dizeli ipo, hewa ya kuiunguza haipo. Tabo yenye msukumo mdogo, bila kuongeza tone la dizeli, inaleta hewa hiyo. Moshi unapungua na gari linapanda vizuri likiwa na mzigo. Nchini Australia, ambako Land Cruiser ni gari la shambani, 1HZ zimefungwa tabo kwa miaka mingi.

Lakini na huko zipo zilizokufa. 1HZ ina kompresheni ya 22.4 kwa 1. Dada yake mwenye tabo ya kiwandani, 1HD-T, ana 18.6, tena ana vinyunyizio vya oili vya kupoza pistoni kwa chini, ambavyo 1HZ haina. Inayoua 1HZ yenye tabo kwa kawaida ni joto, na joto linaletwa na fundi anayezungusha skrubu ya pampu kuongeza dizeli ili mwenye gari asikie nguvu siku ya kwanza. Kwa hiyo ukifunga, fungisha na geji ya joto la moshi mahali dereva anapoiona, pumzisha mguu ikipanda, na usikubali pampu iguswe bila geji hiyo. Gari ambalo kijiji kizima kinalitegemea kupeleka mgonjwa Bugando halipaswi kuwa la kujaribia.

Ukiuziwa gari ambalo tayari limefungwa tabo

Magari haya huzunguka sana mikononi, na mara nyingi linauzwa wakati mwenyewe ameshaanza kusikia kitu. Lifuate asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Likiwashwa, tazama moshi: wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe usioisha na unaonukia maji ya rejeta ni dalili ya gasketi.

Zima, subiri lipoe, omba fundi wako afungue bomba la hewa linaloingia kwenye tabo na ashike shafti kwa vidole. Kuyumba kidogo sana kwa pembeni ni kawaida, kuingia na kutoka si kawaida, na makali ya feni yakiwa yamelika ujue gari limekula mchanga. Pima kompresheni ya kila silinda, na zisitofautiane sana. Uliza ni nani aliyerekebisha kontroli boksi na kama anapatikana kwa simu, kwa sababu utamhitaji. Tazama waya. Tafuta geji.

Mwisho, liendeshe kwenye kilima ukiwa umefungua kioo na umezima redio. Ukisikia kokoto kwenye kopo, mrudishie funguo. Na muuzaji akikataa bomba lisifunguliwe, huna haja ya kulijaribu hata hilo gari.